Tredimili ya chini ya meza: ipi itadumu kwa anayefanya kazi akitembea?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nipo Kigamboni, nafanya kazi nyumbani ya kunakili na kutafsiri mazungumzo kwa kampuni ya nje. Kutwa nimekaa, kwa muda wa saa saba mpaka nane. Mgongo umechoka na daktari ameniambia nitembee. Nataka ile tredimili (mashine ya mkanda ya kutembelea) nyembamba ya kuingia chini ya meza, nitembee saa tatu au nne kwa siku huku nachapa. Nina kilo 92. Kariakoo nimeona moja inayokunjwa katikati, imeandikwa nguvu ya farasi 2.5 na mwendo hadi kilomita 12 kwa saa. Dada yangu aliyeko Minnesota naye anataka kunitumia ya huko kwenye kontena. Ila rafiki yangu yake ilikufa baada ya miezi mitano, naogopa kutupa hela. Nichukue ipi?

Jibu: Dada, salama kabisa, na pole sana na mgongo. Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Ya Kariakoo iache. Ya Minnesota, mwambie dada yako asubiri kidogo, asilipe chochote mpaka akupigie picha ya kibandiko kilichoko ubavuni au chini ya mashine. Unachohitaji ni mashine ya kutembea tu, isiyozidi kilomita 6 kwa saa, ya volti 220 hadi 240, iliyoandikwa kubeba kilo 120 au zaidi, na ambayo kitabu chake kinataja wazi inaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi mfululizo. Kipengele hicho cha mwisho wanunuzi karibu wote hukiruka, na ndicho kinacholeta wateja wengi kwenye karakana yangu.

Nimetengeneza mashine za mazoezi kwa miaka kumi na minne, za majumbani na za gym. Hizi za chini ya meza zilipoanza kuingia nilidhani zitakuwa na kazi nyepesi, maana mtu hakimbii, anatembea polepole. Nilikosea. Ni katika mwendo wa polepole ndipo mota inapoteseka zaidi, na ukilielewa hilo hakuna muuzaji atakayekubabaisha.

Iko hivi. Mkanda unaoukanyaga unateleza juu ya ubao. Uzito wako unaubana mkanda kwenye ubao, na mota inauvuta mkanda ukiwa umebanwa vilevile. Nguvu ya kuuvuta haipungui sana eti kwa sababu unatembea polepole. Kilo 92 ni kilo 92, uwe kwenye kilomita 2 au 5 kwa saa. Kwa hiyo mota inakula karibu ampea zilezile, na joto ndani ya nyaya zake ni karibu lilelile. Lakini feni ya kuipooza imefungwa kwenye shafti ya mota hiyohiyo. Mota ikizunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole. Joto linazalishwa kama kawaida, upepo wa kuliondoa hakuna. Mtu anayekimbia dakika 25 akashuka anaiachia mashine ipumue. Wewe utaipanda saa tatu asubuhi ushuke saa tano, mchana upande tena.

Sasa ongeza uzito. Joto la nyaya linakua kwa mraba wa umeme unaopita. Mtu wa kilo 70 na wewe wa 92, tofauti ni kama asilimia 30, lakini joto linaweza kuzidi kwa asilimia 70. Sikuambii haya ili ujione vibaya, dada. Kilo 92 ni mzigo wa kawaida kabisa kwa mashine iliyojengwa vizuri. Nakuambia kwa sababu ile "inabeba kilo 100" ya kwenye boksi ni kikomo, na mashine haitakiwi kuishi kwenye kikomo kila siku. Acha nafasi ya kilo 25 hadi 30 kati yako na kikomo. Ndiyo maana nimesema 120.

Ya rafiki yako sijaiona, ila naweza kukisia, kwa sababu hivi karibuni nimefungua moja ya mhasibu anayefanya kazi nyumbani kama wewe. Alisema ilianza kwa kushtuka: anatembea, mkanda unasita kama mtu aliyejikwaa, kisha unaendelea. Baadaye ikawa inazima yenyewe kila baada ya dakika arobaini. Alipoiacha ipoe ikawa inawaka tena, basi akaizoea. Nilipofungua kifuniko cha mbele, kitu cha kwanza kilikuwa harufu, ile ya vanishi ya mota iliyoungua. Unga mweusi wa kaboni, vile vipande vinavyolika vikipeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ulikuwa umetapakaa mpaka kwenye bodi ya kontrola, ile inayoiendesha mota. Nikaunyanyua mkanda pembeni nikapitisha kidole chini yake: kukavu kabisa, kama karatasi ya msasa iliyotumika. Kwenye ubao palikuwa na alama mbili zinazong'aa, ya mguu wa kushoto na wa kulia, pale nta ilipolika ikabaki mbao tupu. Hakuwahi kuweka oili hata mara moja, hakuna aliyemwambia. Mkanda ukikauka, msuguano unaweza kuongezeka maradufu. Umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ilibidi nibadilishe mota, bodi na ubao, na kwa gharama ile alikuwa karibu na bei ya mashine mpya. Iliniuma, kwa sababu kichupa cha oili ya silikoni kingeokoa yote yale.

Turudi kwenye ile ya Kariakoo. Kilomita 12 kwa saa kwenye mashine nyembamba si sifa kwako. Mota ina mizunguko yake, na mtengenezaji anachagua puli ili mizunguko hiyo itoe mwendo wa juu anaoutaka. Akitaka kilomita 12, basi kwenye kilomita 2 zako mota itakuwa inajikokota chini kabisa ya uwezo wake, kama gari linalopanda mlima kwa gia ya nne. Ile yenye kikomo cha kilomita 6, mota ikiwa sawa, itazunguka karibu mara mbili zaidi kwa mwendo wako uleule: inapata nguvu na inapata upepo. Najua utasema siku moja huenda ukataka kukimbia. Ukitaka kukimbia, kimbia barabarani alfajiri, au nunua mashine ya kukimbilia siku hiyo. Hizi za "mbili kwa moja" ndizo ninazozifungua zaidi.

Na ile nguvu ya farasi 2.5, nenda kasome kibandiko. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, kwa hiyo 2.5 ni kama wati 1,865. Ukiinamisha mashine ukakuta imeandikwa wati 500 au 600, basi hata ikigeuza umeme wote kuwa nguvu haifiki farasi mmoja. Ile 2.5 ni kilele, nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwa sekunde chache kabla haijaungua. Unayotaka ni nguvu ya kudumu, ile inayoweza kuitoa saa nzima bila kuchemka. Muuzaji akishindwa kukuonyesha tofauti ya hizo mbili, amini wati za kwenye kibandiko.

Kuna kampuni zinazotengeneza tredimili mahsusi kwa ofisi, kwa mfano LifeSpan ya Marekani, na ukizinyanyua utaelewa: ni nzito, mota ni kubwa, na karatasi zake zinasema wazi saa za kazi kwa siku. Nyembamba nyingi za bei nafuu, ukifungua kitabu ukurasa wa tahadhari, utakuta maneno madogo yanayosema usitumie zaidi ya dakika 30, 60 au 90 mfululizo, kisha uiache ipumzike. Hayo hayapo kwenye tangazo. Muombe muuzaji kitabu kabla ya kulipa, au kitafute mtandaoni kwa namba ya modeli. Kama kinasema saa moja na bajeti yako haifiki juu zaidi, bado unaweza kuinunua, mradi uiheshimu: tembea dakika 50, kaa saa nzima, rudi tena. Saa zako tatu kwa siku zinapatikana hivyohivyo, na mgongo wako utapenda zaidi mabadiliko kuliko kusimama mfululizo.

Usiwe na wasiwasi kwamba mwendo wa polepole haufai kitu. Daktari James Levine, aliyekuwa mtafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya hukohuko Minnesota aliko dada yako, ndiye aliyelivumisha wazo hili la kufanya kazi ukitembea. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007 na mwenzake Jennifer Miller, watu 15 wa ofisini wenye unene waliachwa wachague mwendo wao wenyewe. Walichagua wastani wa maili 1.1 kwa saa, yaani chini ya kilomita 2. Wakiwa wamekaa walitumia kalori kama 72 kwa saa. Wakitembea hivyo huku wakifanya kazi, 191. Kwa kuchapa, mwendo wako utakuwa kati ya kilomita 1.5 na 2.5, zaidi ya hapo herufi zinaanza kukosewa. Kwa hiyo hakikisha mashine inaanzia kilomita 1 au chini, na inapanda kwa 0.1 au 0.2. Inayoruka kwa nusu kilomita itakusumbua.

Sasa ya Minnesota. Umeme wa kule ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 230 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja hapa, kapasita za bodi (vifaa vinavyohifadhi umeme) zilizotengenezwa kwa volti 200 hivi zinapokea zaidi ya 320 na zinapasuka hapohapo kwa mlio. Nimeshaletewa bodi za namna hiyo nyingi, bado zina stika mpya. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, na kwa mota za umeme wa mkondo mmoja (DC) tofauti ya hezi si tatizo kubwa, kwa kuwa bodi inaugeuza umeme kwanza. Lakini transfoma iwe na uwezo angalau mara mbili ya wati za kibandiko: mashine ya wati 600, transfoma ya 1,500. Ni zito, linapata moto, linavuma chini ya meza yako kutwa, na siku bodi ikifa utatafuta spea ya volti 120 mjini ambako kila mtu anauza za 220. Waranti nayo mara nyingi haivuki bahari. Dada yako akitaka kukusaidia kweli, akutumie hela, au atafute toleo lililoandikwa 220–240V. Picha ya kibandiko itamaliza mjadala.

Uwapo Kigamboni, una adui mwingine ambaye wa Dodoma hamjui: chumvi. Upepo wa bahari unaingia dirishani, unatua kwenye viunganishi vya nyaya vinaota ukijani, kwenye beringi za rola zinaanza kulia. Usiiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini. Ukimaliza kazi iache ipoe, kisha ifunike na shuka la pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Usiitandike juu ya zulia nene, kwa sababu nyingi zinavuta hewa kwa chini, na manyoya ya zulia yanaziba matundu. Vigae ni sawa, ukiweka mpira mgumu chini yake kupunguza mtikisiko kwa jirani. Sakafu iwe sawasawa, la sivyo mkanda utahamia upande mmoja.

Umeme unaopanda na kushuka ndio unaoua bodi. Weka stabilaiza, au angalau kifaa cha kulinda friji chenye uwezo wa kutosha, na uichomeke ukutani kwenye soketi yenye eathi. Usipitie ekstensheni nyembamba inayogawana na pasi. Kama unatumia inveta ya sola, iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama ule wa gridi. Zile za wimbi la ngazi hufanya mota ivume na bodi ichemke. Gharama ya luku haitakutisha: ikivuta wati 300 kwa saa tatu, ni chini ya uniti moja.

Kuhusu kukunjwa katikati: inaokoa nafasi, na kwa anayeishi chumba kimoja naelewa. Lakini pale penye bawaba ubao umekatwa, na kila hatua yako inapiga karibu na huo mkato. Kwa kilo 92 na saa tatu kila siku, mimi nisingeichukua. Chukua yenye ubao mmoja, inayosimamishwa ukutani au kusukumwa chini ya kitanda kwa magurudumu yake. Upana wa mkanda usipungue sentimita 42, ukiweza 45, maana ukiwa unasoma skrini huangalii miguu. Urefu sentimita 105 hadi 120 unatosha kwa hatua fupi. Kuhusu mota, isiyo na kaboni ni bora kwako: ni kimya na haina cha kulika, ingawa bodi yake ikifa ni ghali. Ya kaboni nayo si mbaya kama kaboni zinabadilishika kwa nje. Ni kazi ya dakika kumi.

Ukifika dukani usiridhike na kuiona inawaka. Omba uipande kwa dakika ishirini kwenye kilomita 2. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu. Sikiliza kila mguu unapotua: mkanda ukisita hata kidogo, mota imezidiwa, na hiyo bado ni mpya. Shuka, weka kiganja juu ya kifuniko cha mota. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, ondoka. Kisha uliza spea: bodi, mkanda, rimoti. Rimoti hasa, kwa sababu kuna mashine ambazo bila rimoti yake haziwaki kabisa, na rimoti ni kitu cha kupotea. Anayesema "haziharibiki hizi" hana spea.

Wengine watakushauri ununue mtumba wa gym. Ni mashine imara kweli, lakini ina mikono na dashibodi inayozuia meza, na ina uzito wa kubebwa na wanaume wanne. Kama una fundi seremala wa kukutengenezea ubao wa kukaa juu ya mikono yake, inawezekana. Nimefanya hivyo kwa wateja wawili na bado zinatembea.

Ukishaipeleka nyumbani, kazi ya kuitunza si kubwa. Fuata kitabu kuhusu oili. Wengi wanasema kila saa 40 hadi 50 za matumizi, ambayo kwako ni kila wiki mbili hadi tatu, si kila miezi mitatu kama anayetumia nusu saa. Unyanyue mkanda pembeni, upitishe vidole chini katikati. Vikitoka vikavu, weka. Iwe silikoni tupu. Usiweke oili ya cherehani, ya kupikia, wala dawa ya kupuliza ya kulegeza nati. Zinakula gundi ya mkanda. Matone machache yanatosha, ukizidisha mkanda utateleza kwenye rola. Mkanda ukihamia upande mmoja, zungusha skrubu ya nyuma ya upande huohuo kwa spana ya L robo mzunguko kuikaza, tembea dakika mbili, angalia tena. Watu huzungusha mara tatu kwa mkupuo, wanachana ukingo. Kila miezi mitatu chomoa waya, fungua kifuniko cha mbele, futa vumbi kwa brashi kavu laini.

Meza nayo ihesabu. Mashine inakuinua sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo meza yako ya sasa itakuwa chini sana na utaupinda mgongo uleule unaoutibu. Viwiko vikae pembe mraba, juu ya skrini iwe usawa wa macho. Vaa raba, hata nyumbani. Wiki ya kwanza tembea dakika 20 asubuhi na 20 jioni tu, kwenye kazi ya kusikiliza, si ya kuchapa. Na kwa kuwa mgongo wako uko kwa daktari, mwonyeshe mpango huu. Ukisikia ganzi au maumivu yakishuka mguuni, simama na umrudie.

Hukuniambia kama una watoto. Kama wapo, hili lizingatie kuliko yote niliyoandika. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton huko Marekani iliziita zirudishwe tredimili zake takribani 125,000 za aina ya Tread+ baada ya mtoto kufa na wengine kuumia, walipovutwa chini ya mashine kwa nyuma. Hizi nyembamba ni fupi, lakini rola yake ya nyuma inaweza kunasa kidole kidogo. Usitembee mtoto akiwa nyuma yako sakafuni. Ukishuka, hata kwenda kufungua mlango, izime na uchomoe waya ukutani. Kama ina ufunguo wa usalama wa sumaku, uweke juu ya kabati.

Nitumie picha tatu: kibandiko, ukurasa wa tahadhari wa kitabu, na chini ya mashine, kabla hujalipa. Nitakuangalizia.